Palawan au Bohol: mikoa miwili ya pwani ya Ufilipino kwa msafiri mwenye siku za kuhesabu

Msafiri aliyepata siku saba au nane za kukaa Ufilipino, ambaye hamu yake ni bahari wala si jiji la Manila, mara nyingi hujikuta anachagua kati ya mikoa miwili: Palawan, ulioko magharibi kabisa mwa nchi, na Bohol, ulioko katikati, katika kundi la visiwa vya Visayas. Picha za mikoa hii hufanana. Zote zina maji ya samawati, mchanga mweupe, na vyombo vyembamba vyenye matengo ya mianzi pande zote mbili, ambavyo wenyeji huviita bangka na ambavyo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atavitambua mara moja kuwa ni ndugu wa ngalawa. Wala udugu huo si wa sura tu, kwa maana ufundi wa kuunda vyombo vya matengo ulisambazwa katika Bahari ya Hindi na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Kufanana kwa picha ndiko kunakowapotosha wengi. Tofauti kubwa ya mikoa hii ni jambo ambalo picha haziwezi kulionyesha, nalo ni umbali. Bohol ni mkoa ambao mtu anaweza kupanga chumba mahali pamoja na kuufikia karibu wote, akirudi kulala palepale kila usiku; Palawan ni mkoa unaomtaka mtu achague kipande kimoja na kukubali kuviacha vingine. Asiyelijua hilo kabla ya kukata tiketi hutumia nusu ya safari yake ndani ya gari dogo la abiria au bandarini akisubiri boti.

Ukubwa, watu na njia

Palawan ndio mkoa mkubwa kuliko mikoa yote ya Ufilipino kwa eneo la ardhi. Makao yake makuu ni Puerto Princesa, jiji ambalo tangu 2007 linajiendesha lenyewe nje ya serikali ya mkoa. Bila jiji hilo mkoa una kilomita za mraba zipatazo 14,650, na ukilijumlisha eneo lote linapita 17,000. Kisiwa chake kikuu ni kirefu na chembamba, chenye urefu wa kilomita 425 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo upana wake haufiki kilomita 40. Kimelala kati ya Bahari ya Sulu na Bahari ya China Kusini, ncha yake ya kusini ikielekea Borneo. Kwenye orodha hiyo ongeza visiwa vingine zaidi ya 1,700, vikiwemo vya kundi la Calamian upande wa kaskazini, ambako ndiko ziliko Busuanga, Coron na Culion, na vya Balabac upande wa kusini. Manispaa ni 23 tu.

Bohol una kilomita za mraba zipatazo 4,820, karibu zote zikiwa katika kisiwa kimoja chenye umbo la kukaribia duara, na ndani ya eneo hilo dogo kuna manispaa 47 na jiji moja, Tagbilaran. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,394,329 Bohol, na 939,594 Palawan bila Puerto Princesa, ambayo peke yake ilikuwa na watu 307,079. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja ya mraba Bohol kuna watu 289, ilhali Palawan, nje ya jiji lake, ni 64 tu. Hesabu hiyo inaeleza mengi ambayo msafiri atayaona kwa macho. Bohol ni nchi iliyolimwa na kukaliwa kwa karne nyingi, yenye mashamba ya mpunga, makanisa ya kale na kijiji baada ya kijiji kando ya barabara. Palawan bado una misitu inayoshuka mlimani hadi baharini, na kuna sehemu ambazo gari hukata mwendo mrefu bila kupita nyumba nyingi.

Njia za kuufikia kila mmoja nazo hazifanani. Uwanja wa ndege wa Bohol uko katika kisiwa cha Panglao, kilichounganishwa na kisiwa kikuu kwa madaraja. Ulifunguliwa Novemba 2018 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa Tagbilaran, na anayeshuka hapo hufika ufukweni kabla kiti cha teksi hakijapata joto. Njia ya pili ni boti ya kasi kutoka Cebu, ambayo huchukua takriban saa mbili hadi Tagbilaran, na njia hii humfaa sana mtu aliyefika Cebu moja kwa moja kutoka nje ya nchi bila kupitia Manila. Kutoka Tagbilaran hadi vilima vya Chokoleti huko Carmen, katikati ya kisiwa, ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili.

Palawan una milango mitatu, na kila mlango unafungua nchi nyingine. Ukitua Puerto Princesa, uko karibu na mto wa chini ya ardhi, lakini El Nido iko mbali nawe kwa saa tano au sita za barabara. Ukitua El Nido, ambako kuna uwanja mdogo, umeokoa siku nzima, ingawa nauli huwa juu. Ukitua Busuanga, uko Coron, na kutoka hapo hadi El Nido ni boti ya saa nne hivi ikiwa bahari imetulia. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema atakaa siku tano na “kuona Palawan yote”, ninamhurumia, kwa sababu hata wenyeji hawaioni yote.

Bahari

Palawan hauna mshindani kwa ukubwa na ukwasi wa bahari yake. Katika Ghuba ya Bacuit, mbele ya mji wa El Nido, miamba ya mawe ya chokaa imesimama wima kutoka majini kama kuta za ngome, na katikati yake kuna vidimbwi vya bahari ambavyo mtu huviingia kwa kupiga kafi kupitia mwanya mwembamba. Safari za kuzungukia visiwa huuzwa kwa herufi, A, B, C na D, kila herufi ikiwa na njia yake iliyopangwa, na jambo hili humrahisishia mgeni kazi ya kujadiliana bei. Coron una ladha nyingine: Ziwa la Kayangan lililofichwa juu ya majabali, na chini ya maji mabaki ya meli za Japani zilizozamishwa na ndege za jeshi la wanamaji la Marekani tarehe 24 Septemba 1944, ambazo sasa zimeota matumbawe na kuwa makazi ya samaki. Mpiga mbizi anayependa mabaki ya meli hana haja ya kusoma zaidi ya hapa, aende Coron.

Kisha kuna Tubbataha. Miamba hii ya matumbawe iko katikati ya Bahari ya Sulu, takriban kilomita 150 kusini-mashariki ya Puerto Princesa, chini ya manispaa ya Cagayancillo, na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993. Hakuna hoteli wala kijiji. Wanaoishi huko ni askari wa hifadhi wanaopokezana zamu. Msimu wa kuzuru ni kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni, na wageni hulala ndani ya meli kwa siku kadhaa. Ni safari ya gharama kubwa inayohitaji kupangwa miezi mingi kabla, na si ya mtu anayejifunza kupiga mbizi. Lakini kwa aliyebobea, papa, taa na matumbawe ya Tubbataha ni sababu tosha ya kuvuka nusu ya dunia.

Bahari ya Bohol ni ndogo zaidi, na inafikika. Kutoka ufuko wa Alona, Panglao, boti hutumia muda mfupi kufika Balicasag, kisiwa kidogo ambacho ukingo wake wa matumbawe hushuka ghafla kama ukuta, na ambako kuwaona kasa wakila majani ya bahari ni jambo la kila siku. Pamilacan, jirani yake, ilikuwa hadi miaka ya 1990 kisiwa cha wawindaji wa nyangumi na taa wakubwa. Uwindaji ulipopigwa marufuku, baadhi ya familia hizo ziligeuza ujuzi wao wa kusoma bahari kuwa kazi ya kuwaongoza wageni wanaotafuta kuona pomboo.

Upande wa kaskazini wa Bohol, ambako watalii wengi hawafiki, kuna Danajon, mwamba wa matumbawe wenye kingo mbili sambamba, aina ambayo ni adimu duniani. Umeumizwa vibaya na uvuvi wa baruti na wa sumu, msiba ambao mvuvi wa Kilwa au wa Tanga hahitaji kusimuliwa. Hata hivyo kwa msomaji wa Zanzibar mahali hapa pana maana ya pekee, kwa sababu ya mwani. Mbegu zilizoanza kupandwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 zililetwa kutoka Ufilipino, na visiwa vya Danajon ni miongoni mwa sehemu za nchi hiyo ambazo kilimo cha mwani kimekuwa riziki ya kaya nyingi tangu miaka ya 1970. Palawan nao hulima mwani, katika visiwa vya Cuyo, Balabac na pwani ya Roxas, lakini mtu anayetaka kuona kazi hiyo kwa safari ya siku moja na kulinganisha vigingi, kamba na mashua na yale anayoyajua nyumbani atafanikiwa zaidi Bohol. Ningependa kuona wakulima wengi zaidi wa mwani kutoka kwetu wakipata nafasi hiyo, kuliko watafiti peke yao.

Nchi kavu

Kivutio kinachojulikana kuliko vyote Bohol ni vilima vya Chokoleti, vilivyoenea katika manispaa za Carmen, Batuan na Sagbayan na jirani zake. Viko zaidi ya 1,200, na hesabu nyingine hufika 1,776. Vyote ni vya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya bahari ya kale iliyoinuka, kisha vikachongwa na mvua hadi vikawa na umbo la pia iliyopinduliwa. Vimefunikwa na nyasi tu, na kiangazi kinapokauka, hasa kati ya Februari na Mei, nyasi hizo hugeuka rangi ya kahawia na ndipo jina linapoeleweka. Vilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa ya kijiolojia mwaka 1988, na mwaka 2023 kisiwa chote cha Bohol kikawa cha kwanza nchini Ufilipino kutambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya kijiolojia ya dunia. Ndiyo maana Machi 2024, picha za hoteli yenye bwawa la kuogelea iliyojengwa katikati ya vilima hivyo ziliwaghadhibisha Wafilipino nchi nzima, na kwa haki kabisa: kilima kilichokatwa hakioti tena.

Palawan hauna kitu cha namna hiyo, ila una mto wa chini ya ardhi wa Puerto Princesa, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Mto huu hupita chini ya mlima wa chokaa kwa kilomita 8.2 na kumwaga maji yake moja kwa moja baharini, hata kupwa na kujaa kwa bahari kunasikika ndani ya pango. Wageni huingia kwa mashua ndogo, kwa kibali kinachotolewa kwa idadi maalumu kila siku, na husafiri sehemu ya mwanzo tu, gizani, chini ya maelfu ya popo na mbayuwayu. Kutoka mjini hadi Sabang, mahali mashua zinapoanzia, ni saa mbili za gari. Katika kilele cha msimu vibali huisha mapema, basi anayetegemea kukipata asubuhi ileile atarudi mikono mitupu.

Wanyama wa mikoa hii miwili ni kama wa nchi mbili. Palawan uko karibu na Borneo kwa wanyama wake kuliko ulivyo karibu na Manila: una kakakuona wa aina yake asiyepatikana kwingine, tausi mdogo wa msituni, hondohondo, na katika visiwa vya Balabac paa mdogo kuliko sungura mkubwa ambaye wenyeji humwita pilandok. Katika maji ya Busuanga bado kuna nguva, mnyama ambaye pwani ya Afrika Mashariki sasa huonekana kwa nadra mno. Bohol, kwa upande wake, ni nyumba ya mamag, mnyama wa usiku anayetosha kwenye kiganja, wa sura ya kumkumbusha mtu komba, mwenye macho makubwa yasiyoweza kuzunguka ndani ya kichwa na shingo inayogeuka hadi nyuma. Ninamsihi atakayekwenda kumwona achague hifadhi ya Corella, ambako wanyama hao huachwa mtini na wageni huongozwa kimya kimya. Mamag hudhurika kwa kelele, kwa kuguswa na kwa mwanga wa kamera. Mahali popote panapokuruhusu umshike, ondoka.

Twiga wa Calauit

Siwezi kuacha kisa kimoja kinachouhusu mkoa wa Palawan na nchi ya Kenya, ingawa si kila msafiri atakifuata. Mwaka 1976 Rais Ferdinand Marcos alitangaza kisiwa cha Calauit, kaskazini mwa Busuanga, kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka uliofuata wanyama 104 walisafirishwa kwa meli kutoka Kenya: twiga, punda milia, swala pala, kuro, pongo, pofu, nyamera na swala tomi. Ili kuwapisha, mamia ya familia za Watagbanwa, wenyeji wa kisiwa hicho tangu enzi za mababu, walihamishiwa Culion. Wengi wa wanyama wale wametoweka kadiri miaka ilivyopita. Twiga na punda milia walizaliana, na vizazi vyao bado vinaonekana katika mbuga iliyozungukwa na bahari. Watagbanwa nao wengi wamerudi, wakidai ardhi yao.

Msomaji wa Kenya au wa Tanzania hana haja ya kupanda ndege hadi Asia ili aone twiga. Lakini akiwa Coron na akawa na siku ya ziada, Calauit itampa jambo la kufikiri kuhusu hifadhi, watu wanaohamishwa kwa jina la hifadhi, na nani anayelipa gharama yake, maswali ambayo kwetu hayajapata majibu. Safari ni ndefu kutoka mji wa Coron, ama kwa boti ama kwa gari na kisha mashua, na huanza alfajiri.

Historia inayoonekana na isiyoonekana

Kwa mpenda historia Bohol una uzito zaidi, kwa sababu historia yake iko kando ya barabara. Mwaka 1565 Datu, yaani chifu, Sikatuna na Mhispania Miguel López de Legazpi walichanja mikono na kunywa damu zao pamoja kama ishara ya urafiki, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa kwa neno moja: walichanjiana. Urafiki huo haukuwazuia Waboholano kuinuka. Uasi wa Francisco Dagohoy, ulioanza 1744 baada ya padri mmoja kukataa kumzika nduguye kwa mazishi ya Kikristo, ulidumu miaka 85, hadi 1829, na ndio uasi mrefu kuliko wote katika historia ya utawala wa Kihispania visiwani humo. Makanisa ya Baclayon, Loboc na Loon yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa mkono.

Historia ya Palawan imetawanyika kama visiwa vyake. Mapango ya Tabon, katika manispaa ya Quezon, yalitoa mabaki ya binadamu wa miaka mingi sana iliyopita, miongoni mwa ya kale kuliko yote yaliyopatikana nchini. Taytay una ngome ya Kihispania iliyojengwa kujikinga na mashambulizi ya kutoka baharini. Katikati ya Puerto Princesa, Plaza Cuartel ni mahali ambapo Desemba 1944 askari wa Japani waliwachoma moto wafungwa wa kivita wa Kimarekani wapatao 150; wakauawa 139, wakanusurika 11. Kila kimojawapo kinahitaji safari yake.

Chakula na lugha

Bohol watu huzungumza lahaja ya Kisebuano, inayotambulika kwa kuigeuza sauti ya y kuwa j, hivi kwamba iya, yaani “yake”, husikika ija. Palawan Kitagalogi ndicho kinachotawala, pamoja na Kikuyonon na lugha za wenyeji wa kale. Kiingereza kinatosha kote kwa mahitaji ya msafiri.

Kwa upande wa chakula, Waislamu watapata wepesi zaidi Puerto Princesa na kusini mwa Palawan, ambako kuna jamii za Kiislamu, wakiwemo Wamolbog wa Balabac. Bohol ni mkoa wa Wakatoliki, nyama ya nguruwe iko karibu kila mgahawa, na itabidi mtu ategemee samaki na mboga na aulize kuhusu mafuta. Palawan una korosho, hasa za Roxas, na tamilok, kiumbe mfano wa mnyoo kinachotolewa ndani ya magogo ya mikoko na kuliwa kibichi kwa siki, ambacho kwa hakika ni jamii ya chaza. Bohol una kiazi kikuu cha zambarau cha kinampay, na kalamay, tamtamu ya mchele wenye kunata na tui la nazi inayouzwa ndani ya kifuu kilichozibwa kwa karatasi nyekundu.

Lakini kitu ambacho ningekibeba kutoka Bohol ni chumvi ya Alburquerque, asin tibuok. Makumbi ya nazi hulowekwa katika mashimo ya maji ya bahari kwa miezi, kama wanavyoyafukia wanawake wa Unguja wanaotafuta usumba. Yakitolewa hukaushwa na kuchomwa hadi kuwa majivu, maji ya bahari huchujwa kupitia majivu hayo, na maji makali yanayopatikana huchemshwa katika vyungu vya udongo mpaka chumvi igande kuwa bonge gumu mithili ya yai kubwa, na chungu hupasuka chenyewe. Ni familia chache mno zinazoendelea na kazi hiyo.

Hatari na majira

Kisiwa cha Bohol kimekaa juu ya nyufa za ardhi. Tarehe 15 Oktoba 2013 tetemeko la kipimo cha 7.2, lililoanzia karibu na Sagbayan, liliua watu zaidi ya 200, likaangusha kabisa makanisa ya Loon na Maribojoc, na kuinua sehemu ya pwani hata bahari ikarudi nyuma na matumbawe yakabaki juani. Kanisa la Loon limejengwa upya na kufunguliwa 2021. Palawan ndio sehemu ya Ufilipino yenye utulivu mkubwa zaidi kwa matetemeko, na vimbunga pia huufikia kwa nadra kuliko mikoa ya mashariki, ingawa si kwamba hauguswi: kimbunga Odette cha Desemba 2021 kiliipiga mikoa yote miwili ndani ya siku moja, kikipita kaskazini mwa Bohol usiku na kufika Roxas, Palawan, siku iliyofuata.

Malaria ni suala la Palawan. Huo ndio mkoa ambao ugonjwa huo umeng'ang'ania hadi mwisho, hasa katika misitu ya kusini, huku Bohol ukiwa umeshausahau. Anayekwenda El Nido au Coron hana sababu ya kuogopa sana, lakini anayepanga kulala vijijini Rizal au Bataraza amwone daktari kabla. Umeme wa Palawan haujaunganishwa na gridi ya taifa, na kukatika kwake si ajabu. Mwenye kazi ya kufanya kwa kompyuta kila siku azingatie hilo.

Kuhusu majira, pwani ya magharibi ya Palawan, pamoja na El Nido, ina kiangazi cha wazi kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei; kati ya Juni na Oktoba pepo za kusini-magharibi huchafua bahari, na walinzi wa pwani husimamisha boti kwa siku kadhaa mfululizo. Mvua ya Bohol imesambaa mwaka mzima bila kipindi kirefu cha kufunga shughuli, na safari za nchi kavu huendelea hata bahari ikikataa. Kwa hiyo mwenye likizo ya Julai au Agosti, miezi ambayo wengi wetu hupata nafasi, ningemwelekeza Bohol bila kusita.

Kwa siku nne hadi sita, jibu langu ni Bohol, katika msimu wowote, na hasa kwa familia yenye watoto au wazee. Kwa siku saba au nane kati ya Desemba na Mei, Palawan unastahili, kwa sharti kwamba msafiri achague ama El Nido ama Coron na kuruka moja kwa moja hadi hapo. Mpenda pango aongeze usiku mmoja Puerto Princesa mwishoni. Kuanzia siku kumi na kuendelea, mtu anaweza kuanza na Bohol kwa siku nne na kupanda ndege kutoka Cebu hadi Puerto Princesa, bila kupitia Manila. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wamekuwa wakiruhusiwa kuingia Ufilipino bila viza kwa siku 30, wakiwa na tiketi ya kurudi, lakini taratibu hizi hubadilika na ubalozi ndio wa kuulizwa kabla ya kulipa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisikosekane mkobani.